Boliti Moja Tu

Gari langu lilitoka kiwandani enzi ambazo kompyuta ilikuwa bado haijakabidhiwa usimamizi wa injini, na waliolitengeneza walikuwa watu wa kufunga vitu vikafungika. Taa ya nyuma, ambayo hata isipowaka mimi niliye mbele sipati habari, imeshikwa na skrubu nne zilizoota kutu kwa ushirikiano. Lakini distribyuta, ambayo ndiyo inayogawa umeme kwa plagi zote na ambayo bila yake gari ni kabati lenye matairi, imeshikwa na boliti moja tu. Nimekwisha kudanganywa na mengi maishani, ila hakuna kilichonidanganya kwa upole kama boliti ile.

Shida yenyewe ilikuwa ndogo. Kila asubuhi nilikuta matone matatu ya oili chini ya injini, na nilipomulika kwa tochi nikaona shingo ya distribyuta imelowa. Pale shingoni kuna pete nyembamba ya mpira inayozuia oili isipande, na pete hiyo ikiishi na joto kwa miaka mingi hukauka ikawa ngumu kama kucha. Ushahidi ulinitosha, nikanunua pete mpya. Fundi niliyemuuliza alisema kazi hiyo ni ya dakika kumi, kwa sauti ya mtu ambaye hatakuwapo dakika hizo zitakapoanza.

Nilianza vizuri. Nilichomoa waya wa betri, nikafyatua klipu mbili za kifuniko, nikakiweka kando pamoja na waya zake zote za plagi bila kuchomoa hata moja, nikatenganisha waya mwembamba wa koili na mpira wa vakyumu, yaani mrija unaofyonza hewa, kisha nikaweka spana namba 13 kwenye ile boliti. Ilitoka kwa utii. Nikaishika distribyuta, nikaivuta juu, na ilipokuwa ikipanda niliona rota yake, ule mkono mdogo wa juu unaozunguka kupelekea kila plagi umeme wake, ikigeuka yenyewe polepole, kama mtu anayegeuza uso asitazamwe akiondoka.

Rota haikugeuka kwa dharau. Meno ya gia iliyo chini ya shafti yamekatwa mshazari, kwa hiyo distribyuta haiwezi kupanda wala kushuka bila kuzunguka kidogo. Ndiyo maana mwenye akili, kabla ya kuvuta chochote, huchukua rangi nyeupe akaweka alama mahali rota inapoelekea, akaweka nyingine pale mwili wa distribyuta unapokutana na bloku ya injini. Haya yote nilikuwa nayajua. Nimewahi hata kuwaeleza wengine, tena kwa ukali. Lakini nilijiambia kwamba kitu chenye boliti moja kitapotelea wapi?

Ningeliacha gari pale pale bado ningesalimika. Jua lilinifikia, nikamwomba jirani tulisogeze kivulini, na tulipolisukuma nikashangaa jinsi lilivyokuwa zito, hata nikajisifu moyoni kwamba bado nina nguvu. Tulipofika kivulini nikagundua kwamba gia ya nne ilikuwa imeingia. Tuliizungusha injini yote kwa mabega yetu, na kumbukumbu yoyote iliyokuwa imebaki ya pistoni kusimama wapi ikazunguka pamoja nayo.

Hapo ndipo nilipoingia katika hesabu za injini ya mapigo manne, ambazo mtu mwenye njaa na mikono ya grisi hapaswi kupewa. Pistoni ya silinda namba 1 hufika juu mara mbili katika kila duru: mara moja ikigandamiza hewa na petroli, valvu zote zikiwa zimefungwa, na mara nyingine ikisukuma moshi nje. Kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, huzunguka mara mbili wakati kamshafti, ile inayofungua valvu, inazunguka mara moja, na distribyuta huenda na kamshafti. Kwa hiyo ile alama iliyo kwenye puli ya mbele ya kranki, ambayo hukaa mahali pamoja safari zote mbili, husema nusu ya ukweli tu, nayo huisema bila haya.

Mimi niliiamini. Nililinganisha alama, nikaelekeza rota kwenye waya wa silinda namba 1, nikafunga, nikapiga stata. Injini ilikohoa mara moja, halafu kabureta ikatoa mlipuko uliowafanya kunguru wahame mti na jirani arudi. Jirani huyu hajawahi kumiliki hata baiskeli, lakini alichungulia chini ya boneti, akanyamaza kidogo, akasema, “Ndugu yangu, hapo umekosea kwa nusu mzunguko.” Kilichoniuma si mlipuko. Kilichoniuma ni kwamba alikuwa sahihi.

Basi nikaitoa tena. Nikafungua plagi ya silinda namba 1, nikaziba tundu kwa kidole, na kwa mkono mwingine nikaizungusha puli kwa spana. Safari ya kwanza pistoni ilipopanda, kidole kilisikia pumzi dhaifu, kama ya mtoto aliyelala. Safari ya pili hewa ilijikusanya chini ya kidole, ikasukuma, ikasukuma zaidi, kisha ikaponyoka kwa mlio wa “fupu!” na kunirushia harufu ya petroli usoni. Huo ndio mgandamizo. Nikaendelea taratibu mpaka alama ya puli ikatulia kwenye sufuri, na safari hii ilikuwa ikisema ukweli wote.

Mtu angedhani sasa inatosha. Distribyuta ikakataa kushuka, ikabaki imening'inia kwa upana wa kidole. Ncha yake ya chini hutakiwa kuingia katika mfereji wa pampu ya oili, na pampu, ambayo hakuna aliyekuwa ameizungumzia siku nzima, ilikuwa imeelekea kwingine. Jirani alishauri tuikaze kwa boliti ili ijivute yenyewe, na hapo nikafurahi kwamba hatimaye amekosea, kwa maana ukilazimisha hivyo unaweza kuvunja kitu kisichopatikana kirahisi. Nikaingiza bisibisi ndefu shimoni, nikaugeuza mfereji kidogo, nikajaribu. Ikaingia, lakini rota ikapitiliza jino moja. Nikaitoa. Nikaianzisha nyuma kidogo ili mshazari uipeleke mahali pake, ikaishia jino moja nyuma. Mara ya tano ikatua hadi chini kabisa, rota ikiutazama waya wa silinda namba 1 kana kwamba haijawahi kutazama kwingine.

Injini ikawaka. Cheche zikaenda kwa mpangilio wake wa 1-3-4-2, ambao ni kama hesabu za mtoto aliyefundishwa na mtu mwenye haraka, lakini injini nyingi za silinda nne huupenda hivyo. Nikaunganisha taa ya taimingi, ambayo humweka kila cheche ya silinda namba 1 inaporuka, nikachomoa mpira wa vakyumu na kuuziba, nikamulika puli. Kila mmweko wa taa uliikuta alama mahali pale pale, hata ikaonekana imesimama wakati puli yote inazunguka; ni jambo la kupendeza, na ndilo pekee nililolifurahia siku ile. Kibandiko kilicho chini ya boneti kinataka cheche iruke nyuzi 8 za mzunguko wa kranki kabla ya pistoni kufika juu. Nikaugeuza mwili wa distribyuta kwa mkono, sauti ya injini ikapanda na kushuka, nikaipata 8 kamili. Nikakaza boliti. Ikawa 10. Nikalegeza, nikarekebisha, nikakaza, ikawa 6. Mwishowe nililazimika kuiweka kwa makosa ili boliti yenyewe, katika kukazwa, iipeleke kwenye usahihi.

Asubuhi yake nilikuta matone matatu ya oili chini ya injini.

Nilifuta kila kitu kwa kitambaa, nikaiacha injini iungurume, nikafuatilia kwa tochi kuanzia chini kwenda juu. Oili ilikuwa ikitoka kwenye gasketi ya kifuniko cha valvu, ikiteremka kwa siri ubavuni mwa bloku, na kupumzika kwenye shingo ya distribyuta kabla ya kudondoka. Nikahesabu boliti za kifuniko kile, nikapata nane. Jirani alikuwa tayari amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni.

“Hiyo sasa,” akasema, “ni kazi ya dakika kumi.”