Tramu zinarudi mijini duniani kote, na sisi huku Malindi tunataka nini hasa?

Kila picha ya tramu ikipita kwenye simu, iwe ya Casablanca au Dubai ama ile ya Mauritius, hapa Malindi mjadala unaanza vile vile. Mmoja atasema mbona wenzetu wanaweza, mwengine atasema hiyo ni pesa ya kuliwa tu, alafu jamaa wa tuktuk aliyekaa pembeni anasubiri abiria atauliza, na sisi tutakula wapi? Kila mmoja ana lake, ila mimi naona yule wa tuktuk ndiye amegusa penyewe manake hawa wawili wanabishana kuhusu kujenga na yeye anauliza kuhusu baada ya kujenga, na huko baadaye ndiko tramu nyingi zinakofia.

Kwanza tuelewane tunaongelea nini. Tramu ni treni ya umeme inayopita mjini juu ya barabara, steji zake karibu karibu, mtu anapanda kutoka chini bila kushuka ngazi za handaki. Reli nyepesi ni karibu kitu hicho hicho ila yenyewe mara nyingi inapewa njia yake isiyoingiliwa na magari. Si SGR hiyo, na si metro ya chini ya ardhi.

Na pwani yetu hii si wageni wa mambo haya. Mwanzoni mwa karne iliyopita Mombasa kulikuwa na reli nyembamba mjini, vigari vidogo vya kusukumwa, bwana mkubwa amekaa juu chini ya kivuli cha turubai na Waafrika wako nyuma wanasukuma jua kali. Zanzibar nako kulikuwa na treni ya Bububu tangu 1905, kama maili saba hivi, ikafa kwenye miaka ya 20 magari yaliposhika kasi. Hata Ulaya ilikuwa hivyo hivyo, baada ya vita vya pili miji mingi iling'oa reli zake ikaona gari ndiyo maendeleo. Nantes kule Ufaransa walimaliza kung'oa 1958, alafu 1985 wakawa wa kwanza nchini mwao kuirudisha upya. Grenoble wakafuata 1987, Strasbourg 1994, Bordeaux 2003, na leo miji ya Ufaransa yenye tramu imepita ishirini. Marekani nako San Diego walianza 1981, Uingereza Manchester 1992. Afrika, Tunis wana yao tangu 1985, na kuanzia 2011 zikaja mfululizo Rabat, Algiers, Casablanca, Addis Ababa.

Sasa kwa nini watu wanazirudia? Hesabu yenyewe ni rahisi. Tramu moja ya mita thelathini na kitu inabeba watu mia mbili na ushee na dereva ni mmoja. Tuktuk kisheria ni abiria watatu (najua, najua, hapa kwetu mmoja atakaa na dereva mbele nusu mwili uko nje). Kuwabeba hao mia mbili unahitaji tuktuk sitini na saba zikiwa zimejaa zote, na ukizipanga hizo mfululizo kwenye Barabara ya Lamu zinajaza kipande kizima na moshi wake na honi zake. Gurudumu la chuma juu ya chuma linateleza kwa nguvu kidogo kwa hivyo umeme hauliwi sana, matairi hakuna, na behewa likitunzwa linafanya kazi miaka thelathini, basi ikifika kumi na tano tayari ni kelele tupu. Kuna jambo jengine ambalo watu hawalisemi sana, reli haihami. Mwenye duka akiona reli imelazwa mbele yake anajua steji itakuwa hapo hata mwaka ujao na mwaka wa kumi, anaweza kuweka pesa yake. Njia ya basi inaweza kubadilishwa kesho asubuhi na mtu mmoja ofisini.

Casablanca ndio mfano ninaoupenda mimi. Wameanza Desemba 2012 na njia moja ya kilomita 31, wakaongeza ya pili 2019, na 2024 wakafungua ya tatu na ya nne. Hapa cha kutazama ni kule kuongeza. Mji unaoweza kuongeza njia baada ya miaka kumi maana yake ile ya kwanza haikuwafilisi na watu wanaipanda kweli. Ni mji wa Afrika huo, una teksi zake na mikokoteni yake na vurugu zake.

Lakini kizuri hakikosi ila, na za tramu ni kubwa.

Tuchukue Addis manake iko karibu na sisi. Reli nyepesi ilifunguliwa Septemba 2015, kilomita 34 hivi, gharama dola milioni 475, sehemu kubwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ukigawanya ni kama dola milioni 14 kwa kilomita, bei ya kutupa kabisa ukilinganisha na Ulaya. Wakati ule kila mtu alisifu, na mimi pia ningesifu. Nauli wakaiweka chini, birr 2 hadi 6 kulingana na umbali, ili mtu wa kawaida apande, na watu walipanda wakajaa hadi mlangoni. Basi hapo ndipo shida ilipojificha. Nauli ile haikutosha kuendesha, pesa za kigeni nchini zilikuwa adimu na spea zinatoka China kwa dola, kwa hivyo treni ikiharibika inaegeshwa karakana inasubiri, alafu nyengine, alafu nyengine, wananyofoa kifaa kwenye iliyolala waweke kwenye inayotembea, hadi kati ya treni 41 walizonunua zikabaki chache tu barabarani. Umeme ukikatika nao treni inasimama njiani watu ndani. Na ile njia yenyewe imezungushiwa kizuizi katikati ya barabara kubwa, mtu wa miguu akitaka kuvuka kwenda ng'ambo anatembea mbali kutafuta pa kupita, kwa hiyo mji umegawanyika mara mbili kwa kitu kilichokuja kuwaunganisha.

Ukisikia hivyo unaweza kusema basi ni umasikini wetu tu. Si kweli. Edinburgh, mji tajiri wa Scotland, walijenga kilomita 14 tu, wakapanga kama pauni milioni 375, wakamaliza 2014 miaka kadhaa nyuma ya ratiba kwa pauni milioni 776, na njia ikakatwa fupi kuliko ilivyoahidiwa. Wenye maduka barabara zilizochimbwa walilia miaka. Wakaunda tume ya uchunguzi, ripoti ikatoka 2023, yaani tume yenyewe ilichukua karibu miaka kumi! Brazil, mji wa Cuiabá, walianza tramu kwa ajili ya Kombe la Dunia la 2014, kombe likaja likaisha tramu haijatembea, ujenzi ukasimama, mabehewa yaliyonunuliwa yakakaa miaka kwenye uwanja yakipigwa jua, mwishowe wakaamua kujenga njia ya mabasi. China nako, Zhuhai walizindua 2017 wakasimamisha 2021. Kwa hiyo hata huyo anayetukopesha na kutujengea sisi, kwake pia zimewahi kumshinda.

Ukiweka Casablanca na Nantes upande mmoja na hawa wengine upande wa pili unaanza kuona tofauti iko wapi, na haiko kwenye uzuri wa behewa. Nantes ilivyotokea ni hivi, meya aliyeanzisha mradi, Alain Chénard, alishindwa uchaguzi wa 1983 reli ikiwa katikati ya kujengwa, na aliyemshinda alikuwa hataki tramu. Kwetu hapo ungekuwa mwisho wa hadithi, kontrakta anaondoka na mashine zake na mashimo yanabaki mpaka uchaguzi ujao. Kule kazi ilikuwa imeshafika mbali, reli ikamalizwa, na wanaipanda mpaka leo. Kitu kilichowasaidia Wafaransa kuliko vyote ni kodi moja isiyo na mbwembwe, tangu miaka ya 70 waajiri kwenye miji hiyo wanatozwa asilimia ndogo ya mishahara wanayolipa, na pesa hiyo inaenda kwa usafiri wa mji moja kwa moja. Tajiri wa kiwanda analalamika lakini anajua wafanyakazi wake wanafika kazini. Kwa hivyo spea ikiisha kuna pa kutoa, haisubiri huruma ya bajeti.

Sisi hatuna kitu kama hicho. Tuna SACCO, vile vyama vya wenye matatu, tuna mwenye gari anayetaka hesabu yake jioni, tuna makanga anayekula kinachobaki. Watu wanautukana mfumo huu sana na mimi pia nautukana, mvua ikishuka nauli ya hamsini inakuwa mia kabla hujafungua mwavuli, lakini tusisahau kwamba haujaomba serikali hata shilingi ya kuuendesha. Tuktuk ikiharibika mwenyewe anaitengeneza usiku huo huo kwa fundi chini ya mwarubaini, spea iko dukani mtaa wa pili, kesho alfajiri iko kazini. Addis ilikosa hiyo hiyo. Na hao vijana wengi tuktuk ni za mkopo, ukileta reli juu yao bila mpango umewaachia deni na umewanyang'anya cha kulilipia. Wanaosema eti watapata kazi kwenye tramu wapige hesabu tena, dereva mmoja anachukua nafasi ya sitini na saba, hao sitini na sita wengine hawawezi wote kuwa walinzi wa steji.

Sasa kwa Malindi yenyewe. Mji una watu laki moja na kidogo, ukitoka soko kuu mpaka mwisho wa mji kwa tuktuk hujamaliza hata kuongea na simu. Tramu hapa ni anasa, niseme wazi, hata tukipewa bure itatushinda kuilisha. Watalii watapiga picha, sawa, lakini watalii wenyewe ni wa msimu. Na Lamu ndio tusiiguse kabisa, mji ule vichochoro vyake wawili wakipishana na mmoja ni punda, mwengine anajibana ukutani, hizo nyaya za juu ungezipitisha wapi? (Bordeaux walikwepa nyaya mji wa kale kwa kuzika reli ya umeme chini, inawaka pale tramu ilipo juu yake tu, teknolojia nzuri sana lakini ya bei mbaya, na walisumbuka nayo sana miaka ya mwanzo.)

Mombasa ni habari nyengine. Watu milioni moja na laki mbili kwa sensa ya 2019, kisiwa kina milango michache, Makupa, Nyali na kivuko cha Likoni, kila asubuhi watu wote wanapita hapo hapo. Hiyo ndiyo sura ya mji ambao reli nyepesi inaweza kulipa, watu wengi njia chache. Tena kwa miaka mingi ukishuka SGR Miritini ulikuwa unagombania matatu kufika mjini na mizigo yako. Hapo ningekubali mtu afanye hesabu za kweli, lakini alinganishe na mabasi ya njia maalum pia, manake Dar walianza mwendokasi 2016 kwa kilomita 21 hivi kwa gharama ndogo kuliko reli. Ila nao wameonja, mabasi hayatoshi, foleni steji, na karakana ya Jangwani imewahi kufurika maji mara kwa mara. Anayesema mabasi ni jibu rahisi na yeye aende Kimara saa moja asubuhi.

Mimi kilichonikaa kichwani zaidi ni Mauritius. Kisiwa cha watu kama milioni moja na robo, chumvi ya bahari ile ile ya kwetu. Reli yao ya zamani waliifunga, abiria 1956 na mizigo 1964, lakini sehemu kubwa ya ile njia haikumalizwa yote kwa majumba. Walipotaka reli nyepesi, kwa msaada na mkopo wa India, sehemu nyingi njia ilikuwa ipo tayari, ikaanza kubeba abiria kati ya Rose Hill na Port Louis kuanzia 2020 na 2022 ikafika Curepipe. Hata hivyo kuna nyumba zilivunjwa, pale La Butte mwaka 2017, na kelele zilikuwa nyingi, watu walitolewa nyumba walizokaa miaka. Pamoja na njia kuwepo bado watu waliumia, sasa fikiria pasipo na njia.

Na sisi miaka hii barabara kutoka Mombasa kupitia Mtwapa hadi Kilifi imekuwa ikipanuliwa, na kuja huku Malindi vibanda na kuta za mawe vinasogea barabarani kila mwaka, mwengine ana hati, mwengine ana maneno ya mkubwa fulani. Mjumbe akija kuniahidi tramu sitamuuliza ya Casablanca ni ya rangi gani, nitamuuliza hifadhi ya barabara, ile ardhi iliyotengewa njia, kati ya Gede na Malindi inaanzia wapi inaishia wapi, ameipimisha lini, na ni nani aliyejenga ndani yake.