Bweni la Wanafunzi wa Teknolojia: Faida Yake Iko Wapi?

Baadhi ya vyuo vikuu huwatengea wanafunzi wa kompyuta na uhandisi bweni lao, ambamo wakazi husoma kozi kadhaa kwa pamoja na hutembelewa na wahadhiri jioni. Wazo lenyewe si geni: mwaka 1927 mwanafalsafa Alexander Meiklejohn alianzisha Chuo cha Majaribio katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, ambako wanafunzi waliishi na kusoma pamoja hadi kilipofungwa mwaka 1932.

Hoja ya wanaoliunga mkono ina uzito, hasa kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Saa sita usiku programu yake imegoma, naye ameshaanza kuamini kwamba hana akili ya kozi hii. Jirani wa chumba cha pili anamwomba aeleze mstari kwa mstari alichokusudia, na kabla hajafika mwisho anagundua mwenyewe kwamba ameanza kuhesabu orodha kutoka 1 badala ya 0, ambapo lugha yake ya programu huanzia. Kosa ni dogo, lakini angekuwa peke yake huenda angelala ameamua kubadili kozi.

Mwanahisabati Uri Treisman aliuchunguza upweke wa namna hiyo katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, miaka ya 1970. Wanafunzi Weusi waliotatizwa na kalkulasi, tawi la hisabati linalohusu mabadiliko, hawakukosa bidii. Walisoma peke yao, ilhali wenzao wenye asili ya China walisoma pia kwa vikundi. Walipoundiwa vikundi vya kutatua maswali magumu, matokeo yao yalipanda.

Wapinzani wana haki ya kukumbusha kwamba vikundi hivyo havikuhitaji bweni. Tena wanaoomba nafasi katika bweni kama hilo mara nyingi ni wenye ari tangu mwanzo, kwa hiyo kulinganisha alama zao na za wengine hakuthibitishi mengi. Linalonisumbua zaidi ni kwamba atakayebuni mifumo ya hospitali anaweza kumaliza shahada bila kuketi mezani na mwanafunzi wa uuguzi, na kwamba mahali ambapo waliozoea kompyuta tangu utotoni ndio wanaosikika, mgeni huona aibu kuuliza.

Ningekubali bweni la mwaka wa kwanza tu, lenye nafasi kwa wasiowahi kuandika programu, kisha wakazi wachanganywe na wanafunzi wa fani nyingine. Na chuo kisicho na fedha za jengo kianze na chumba kimoja kilichoachwa wazi usiku, chenye meza ndefu na msaidizi wa kozi aliyelipwa kukesha humo.