Mwandishi akishazoea meza ya wakubwa

Kila mwandishi mkubwa wa siasa akianguka watu wanasema "alidanganya" na stori inaishia hapo. Mi naona uongo huwa unakuja mwishoni kabisa. Kinachoanza ni ukaribu, yaani mkubwa anampigia simu usiku, anamwita ndugu yangu, anamnong'oneza kitu ambacho wenzake hawana, na taratibu jamaa anaanza kuilinda ile simu kuliko anavyomlinda msomaji wake.

Angalia yaliyomkuta Judith Miller wa New York Times. Tarehe 8 Septemba 2002 yeye na mwenzake walitoa habari ukurasa wa mbele kwamba Saddam Hussein anasaka mirija maalum ya alumini kwa ajili ya nyuklia, na waliosema hivyo ni maafisa wa serikali wasiotajwa majina. Sasa siku hiyohiyo makamu wa rais wa Marekani wakati huo, Dick Cheney, akatokea kwenye televisheni ya NBC kuhojiwa kuhusu Iraki, na alipofika kwenye hiyo mirija akataja gazeti hilohilo! Yaani habari imetoka serikalini, imepita kwa mwandishi, imerudi serikalini ikiwa imeshapigwa muhuri kwamba ni ya kuaminika. Machi 2003 vita ikaanza, silaha zikatafutwa weee hazikuonekana, na Mei 2004 gazeti lenyewe likakiri kwamba habari zake kadhaa za kabla ya vita hazikuchunguzwa inavyotakiwa.

Na kinachoniuma zaidi ni kilichofuata. Mwaka 2005 Miller alikaa jela siku 85 kwa kukataa kumtaja mtu aliyempa habari kwenye kesi nyingine. Kwa mwandishi hiyo ni heshima kubwa sana, kulinda chanzo ni jambo la kufa na kupona, lakini huyo aliyekuwa analindwa alikuwa Lewis Libby, mkuu wa ofisi ya Cheney huyohuyo. Kwa hiyo hata alipofanya jambo la kijasiri wengi hawakumwamini tena, na Novemba mwaka huo akaondoka gazetini.

Brian Williams, mtangazaji wa habari wa NBC, ugonjwa wake ulikuwa tofauti kidogo, yeye alianza kuwa ndo habari yenyewe. Mwaka 2003 alisema helikopta iliyotangulia yao kule Iraki ndo ilipigwa, miaka ikaenda, stori ikanenepa, kufikia 2013 iliyopigwa ikawa ni ile aliyopanda yeye. Wanajeshi waliokuwepo ndo waliomkatalia, na Februari 2015 akasimamishwa miezi 6 bila mshahara. Mtangazaji Chris Cuomo naye CNN walimfukuza Desemba 2021 kwa kumsaidia kaka yake, aliyekuwa gavana wa New York, kupambana na tuhuma za unyanyasaji wa kijinsia. Hapo sina la kuongeza, damu ni damu, ila kiti kile hakikuwa cha familia.

Kwa mwendo huo nani atashangaa kwamba Gallup, wale wa kura za maoni, mwaka 1976 walikuta Wamarekani 72% wana imani na vyombo vya habari, na 2024 wamebaki 31%? Najua wanasiasa nao wamechochea sana chuki dhidi ya waandishi, hilo lipo. Lakini mlango wa kuingilia waliuacha wazi waandishi wenyewe.

Huwa namkumbuka Bob Woodward wa Washington Post. Mwaka 1972 yeye na Carl Bernstein walikuwa vijana wa habari za mjini tu, hakuna waziri anayewajua, wakawa wanagonga milango ya makarani usiku na ndo wakaifukua Watergate, ile kashfa iliyomwondoa Rais Nixon madarakani. Mwandishi huyohuyo, Februari 2020, Rais Trump anamwambia kwenye simu kwamba kirusi cha korona ni hatari kuliko mafua makali, na dunia ikaja kulisikia hilo Septemba, kitabu chake kilipokaribia kutoka. Alijitetea kwamba alihitaji muda wa kuhakiki. Nimeyasoma maelezo yake zaidi ya mara moja, na mpaka leo hayajaniingia.