Tiketi Yenye Jina la Mtu

Jumamosi iliyopita nimerudishwa getini kama mtoto aliyezamia harusi. Niko huku England, nilikuwa naifuata timu yetu ya mpira ugenini. Nilipanda basi la mashabiki saa moja asubuhi, nikakaa humo zaidi ya saa nne na mvua yake dirishani, kufika kwa wenyeji wetu naambiwa tiketi yako haikutumwa kwa sababu imechaguliwa kukaguliwa. Nenda kwenye meza ile.

Mezani kulikuwa na mama wa makamo, glavu zake zimekatwa vidole, mbele yake boksi la viatu lililojaa bahasha zilizopangwa kwa herufi. Akalamba kidole, akapekua, akatoa bahasha moja akaikumbatia kifuani kama mcheza karata. Jina? Nikataja. Jina la mfanyakazi mwenzangu, maana tiketi ilikuwa yake na yeye kalala na homa. Tarehe ya kuzaliwa? Hapo nikaishiwa. Huyu jamaa tunakula naye mchana mwaka wa tatu sasa, najua hali vitunguu, najua mkewe anamwita nani, lakini siku aliyozaliwa siijui. Basi nikaanza kuongea vizuri. Mnajua kuongea vizuri. Nikatabasamu, nikajishusha, nikaeleza nilikotoka na saa niliyoamka. Mama akanisikiliza mpaka mwisho, kwa huruma kabisa, akairudisha bahasha kwenye boksi.

Jumatatu mwenzangu akapata barua pepe kutoka klabuni: pointi zake za safari za msimu huu zimekatwa. Chakula cha mchana wiki nzima nimelipa mimi.

Nikiwa bado nasubiri basi la kurudi nilirusha sauti kwenye grupu la tawi letu la mashabiki, nyumbani Moshi. Nilitarajia pole. Wa kwanza kujibu: "Si ungempa ya soda?" Wa pili akaweka vichekesho tu, mstari mzima. Wa tatu, mtu mzima, tumesoma wote, akaandika: "Mangi, miaka tisa uko huko na hujamjua hata mtu mmoja wa getini?"

Hilo la tatu ndilo limenikalisha niandike.

Kwa sababu ni kweli. Kwetu kabla hujasafiri kwenda kwenye mechi unajiuliza unamjua nani. Nani yuko getini, nani ana shemeji kwenye kamati, nani kashika bando la tiketi. Yule mama wa glavu hakutaka kujua namjua nani. Alitaka kujua mimi ni nani, na mimi siku hiyo nilikuwa mtu mwingine.

Niwaeleze utaratibu wao kidogo, kisha mnitukane mkiwa na taarifa. Kwenye Ligi Kuu ya England timu mgeni inatengewa viti 3,000, au asilimia 10 ya uwanja kama uwanja ni mdogo. Tangu msimu wa 2016/17 tiketi ya shabiki mgeni haizidi pauni 30, laki moja hivi ya kwetu. Sasa viti 3,000 kwa klabu yenye mashabiki laki ngapi sijui, anapata nani? Klabu nyingi zinahesabu safari. Kila mechi ya ugenini unayonunua inakuingizia pointi, na mechi kubwa ikija wenye pointi nyingi wanatangulia kununua. Yule aliyekwenda Jumanne usiku mwezi wa kwanza, baridi ya kukata masikio, mkachapwa nne, siku ya fainali anakumbukwa. Na kwa kuwa pointi ni mali, watu wakaanza kununua tiketi wasizozitumia, wanampa mpwa, wanampa jirani, pointi zinabaki kwao. Ndipo likaja boksi la viatu. Wanachagua tiketi chache, mwenyewe aje achukue kwa jina lake uwanjani.

Nikiwa nimesimama pale mvuani nilikuwa namlaani yule mama. Ndani ya basi, kabla hatujafika hata barabara kuu, nikamkumbuka baba mdogo.

Baba mdogo wangu wa Pasua ni Yanga wa kufa. Nikiwa kidato cha pili alinichukua kwenda Dar kwenye mechi ya watani, Simba na Yanga, Uwanja wa Mkapa ukiwa bado unaitwa Taifa. Zaidi ya kilomita 500. Same, Mombo, Korogwe, Chalinze, tukalala Tandika kwa ndugu yake wa upande wa mama. Asubuhi tukaenda kutafuta tiketi, tukaambiwa za mzunguko, zile za bei ya chini, zimekwisha. Saa tatu asubuhi zimekwisha! Hatua ishirini kutoka hapo kulikuwa na kijana kavaa koti la suti, Dar es Salaam, jua lile, na ndani ya koti bando la tiketi limefungwa na mpira wa manati. Baba mdogo alilipa mara tatu ya bei iliyoandikwa. Akazikunja mbili zote, akazishika kiganjani njia nzima, hataki hata kuziweka mfukoni.

Tulipofika getini akafungua kiganja. Wino ulikuwa umehamia kwenye dole gumba. Tarehe ya mechi ilikuwa kwenye ngozi yake kuliko kwenye karatasi.

Mechi tuliisikilizia redioni kwenye grosari moja Chang'ombe. Goli likiingia unalisikia mara mbili, kelele za uwanjani zinakuja na upepo na kelele zilezile zinatoka kwenye redio. Redio ambayo ingetukuta palepale Pasua, kwenye benchi letu, bila nauli. Baba mdogo hakusema kitu mpaka Korogwe kwenye kurudi. Akaninunulia chipsi mayai, akasema, "Usimwambie mama yako."

Najua mtasema hayo ni ya zamani. Siku hizi kuna N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani, mtu ananunua kwa simu, mambo yamesogea. Sibishi, yamesogea, na mimi ni wa kwanza kufurahi. Wino wa dole gumba umekwisha. Lakini mtu wa Moshi aliyesafiri mara thelathini na kijana aliyezinduka leo Kariakoo akasema twende, mbele ya mfumo ni sawasawa. Safari haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni nani kaiwahi simu, na baada ya hapo, nani anamjua nani.

Na hapa ndipo nawaona mnakuja. "Amepanda ndege mara moja, sasa anatufundisha mpira." "Huko kwenu Ulaya." Jamani, kwetu ni Majengo, msinihamishe. Nimekulia nyuma ya Uwanja wa Ushirika, Moshi. Nawajua mpira wenu kwa sababu ni wangu. Mmesahau Polisi Tanzania walipokuwa Ligi Kuu, Simba au Yanga wakija Ushirika? Mwenye uwanja ndiye anayeonekana mgeni! Jukwaa zima nyekundu, au zima njano na kijani, mashabiki wa timu ngeni hakuna hata mmoja aliyepanda basi, wametoka Njoro na Kiborloni kwa miguu. Ukimweleza Mwingereza hili haelewi. Nimejaribu. Kwake mgeni ni mtu aliyesafiri, na ndiyo maana akatengewa kona yake. Kwetu timu mbili zina wenyeji nchi nzima, kwa hiyo anayesafiri kweli hajawahi kupewa jina wala kona.

Halafu kuna huyu mwingine, namsikia kabisa sauti yake: "Wenzetu wameendelea, wana mifumo, wana vitambulisho, sisi bado." Huyu ndiye ananikera kuliko wa kwanza. Waingereza hawana kitambulisho cha taifa! Walijaribu wakaona kero, wakakifuta kwa sheria ya mwaka 2010. Mimi hapa napokea vifurushi posta kwa leseni ya udereva. Mashabiki ndio kabisa. Mwaka 1989 bunge lao lilipitisha sheria ya kila shabiki kuwa na kadi ya utambulisho. Mwaka huohuo, mwezi Aprili, kulikuwa kumetokea Hillsborough, ile ajali ya msongamano iliyoua watu 97. Jaji Taylor akaichunguza, na kwenye ripoti yake ya Januari 1990 akaonyesha mashaka makubwa juu ya kadi hizo: mashine zikisuasua getini, foleni itajaa nyuma, na watu watabanwa upya. Serikali ikaiweka kadi kabatini.

Sisi sasa. Sisi tuna namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa, yenye tarakimu 20, na tarakimu nane za mwanzo ni tarehe yako ya kuzaliwa, jibu lilelile lililonishinda mbele ya yule mama. Tangu 2019 laini ya simu tunasajili kwa alama za vidole. Bibi yangu wa Kibosho, vidole vimesuguliwa na jembe mpaka mashine haivisomi, alirudishwa mara tatu kwa ajili ya laini ya kupokea elfu kumi. Kumtambua mtu tunaweza, tena kwa ukali. Siku ya mechi tu ndiyo tunasahau.

Wala sisemi wakague vitambulisho getini. Tafadhali msininukuu hivyo. Mei 2023 kwa Mkapa, fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, Yanga na USM Alger ya Algeria, mtu mmoja alifariki kwenye msongamano na wengine wakajeruhiwa. Ukiweka pale askari anayesoma tarakimu 20 za kila mtu, unaomba balaa. Ukaguzi wao wa huku ni wa kuchagua wachache, na unafanyika mezani, mbali na mlango. Hilo boksi la viatu ni la kijinga kulitazama lakini halijazi mtu foleni.

Ninachotaka mimi ni kidogo. Uwanja wa watu 60,000, kwenye mechi ya watani, tenga viti kwa wanaotoka mikoani, hata hao 3,000. Wauziwe kupitia matawi, kwa majina, kwa kufuata nani kasafiri mara nyingi. Anayeuza jina lake akikamatwa, safari zake zinafutwa, anaanza upya kama mtoto wa darasa la kwanza. Mwenzangu wa kazini atawaambia habari zake.

Na kabla hamjaniona nimelewa uzungu, utaratibu wao nao una uozo wake. Aliye nacho huongezewa. Wazee waliokusanya pointi tangu miaka ya tisini hawashushiki kwenye orodha, kijana mpya hapati mechi za kumwezesha kuanza kuhesabiwa, ndiyo maana na mimi nimekwenda kwa jina la mtu. Miaka tisa nina pointi za kunitosha mechi za kombe dhidi ya timu za madaraja ya chini, basi. Na hao hao wenye mifumo, Julai 2021 fainali ya mataifa ya Ulaya, watu wasio na tiketi walivunja wakaingia Wembley dunia ikitazama. Kwa hiyo tusitishane.

Lakini AFCON ya 2027 inakuja, sisi na Kenya na Uganda, na Arusha inajengewa uwanja wa watu 30,000. Morocco kwenye AFCON ya 2025 hukuingia bila kujisajili jina kwenye programu yao ya simu. Na sisi, je? Kutoka Namanga mpaka Arusha mjini ni mwendo wa saa mbili tu, Wakenya watashuka na mabasi wakiimba, na mtu wa Sanya Juu atataka kiti, na wa Babati, na kijana wa koti la suti atakuwa ameshahamia Arusha wiki moja kabla. Kule kuna baridi, koti lake halitamshangaza mtu.

Jana nimempigia baba mdogo kumpa hadithi ya mama wa glavu. Alicheka mpaka akakohoa. Nilipofika kwenye habari za pointi akanyamaza, akauliza wanahesabuje. Nikamweleza. Akasema subiri. Nikasikia kiti, nikasikia mlango wa stoo, halafu mlio wa bati. Kumbe ana kopo la Kimbo ambalo sikuwahi kuliona, amejaza tiketi za basi za safari zake zote za Dar, tangu zamani.

Akaanza kuzihesabu kwa sauti, simu ikiwa sikioni. Nyingine maandishi yamefutika, anaziinua kwenye mwanga wa dirisha. Alipofika ishirini na sita akasita.

"Hii ni ya msiba wa shangazi yako," akasema. "Lakini siku hiyo Yanga walicheza, na nilikwenda. Hii niihesabu, nisiihesabu?"