Kiti cha Mtawa

Binti yangu anaishi Bordeaux, Ufaransa. Akaniambia, "Mama, twende Saint-Émilion, kamji kadogo tu, nusu saa hivi kwa treni, tutatembea taratibu." Kadogo kweli. Ila hakusema kwamba kamejengwa wima. Treni inakushusha bondeni katikati ya mizabibu, unapanda kwa miguu yako mpaka mjini, na ukishafika mjini ndiyo kwanza kupanda kunaanza.

Vichochoro vya pale wanaviita tertre. Vimetandikwa mawe yaliyosuguliwa na nyayo mpaka yanang'aa, na inasemekana yaliletwa kama farumi na meli za Waingereza zilizokwenda kupakia mvinyo. Kimojawapo ni kikali hivi kwamba wamekiwekea chuma cha kushikilia katikati ya njia. Mimi na ndara zangu za Tanga tulikikumbatia kile chuma hatua kwa hatua. Kushoto duka la mvinyo, kulia duka la mvinyo, watu wanatoka wamechangamka, wananipisha kwa heshima wakidhani nimewatangulia. Na tone la pombe sijalionja tangu nizaliwe.

Binti akaona niko hoi, akakata tiketi za kwenda chini ya ardhi. "Kuna ubaridi, Mama." Kwa jua lile la Agosti ningeingia hata kaburini, na kweli makaburi yamo.

Tukaanzia kwenye pango la Émilion mwenyewe, mtawa aliyetoka Bretagne karne ya 8, ndiye mji umechukua jina lake. Mna chemchemi, na pembeni mna kiti kilichochongwa kwenye mwamba. Kiti! Mwongozaji anamwaga Kifaransa, changu kinaishia *bonjour*, basi nikajongea kimyakimya nikajishusha. Lo! Ubaridi wa jiwe ukanipanda mpaka uti wa mgongo. Nikasema "Alhamdulillahi" kwa sauti, nikafumba macho.

Kuyafumbua, pango zima linanitazama. Bibi mmoja akapiga makofi, wengine wakampokea. Binti yangu kaegemea ukuta, machozi yanamtoka.

"Mama... hicho... wanakikalia wanawake wanaotafuta mtoto!"

Kumbe ndiyo sifa yake. Wanawake wanatoka mbali kuja kukikalia, na wakijaliwa huandika barua kutoa habari njema. Mbele yangu walisimama mke na mume, vijana, wameshikana mikono wanangoja zamu yao. Na mimi, mama wa watoto watano, kitinda mimba ana ndevu, nimejipachika pale, tena nashukuru Mungu.

Nikataka kunyanyuka. Magoti yakagoma. Ikabidi yule kijana anishike mkono huu, mwongozaji mkono huu, wakaninyanyua polepole kama mjamzito wa miezi tisa, jambo ambalo halikunisaidia hata kidogo.

Tangu hapo sikuachwa nibebe hata pochi. Tukaingia kanisa kubwa lililochongwa lote ndani ya mwamba wa chokaa, mnara wa kengele umelikalia juu, na nguzo zake wamezifunga vyuma zisichoke. Nilizitazama zile nguzo, tukaelewana. Kila penye ngazi kuna mtu ananinyooshea mkono, na bibi wa makofi anashika tumbo lake akinikonyeza.

Tulipotoka nikataka macaron za pale, yaani biskuti za lozi, si zile za rangirangi za madirishani Paris. Hizi ni kahawia, zimekauka juu na laini ndani, lozi, sukari na ute wa yai basi, wanakuuzia zikiwa bado zimenata kwenye karatasi zake. Masista wa Ursuline ndio walioanza kuzioka mwaka 1620. Dukani nikakutana na yule kijana na mkewe. Mke akanunua maboksi mawili, moja akanikabidhi, akaelekeza kidole tumboni kwangu. Ningemweleza nini, na kwa Kifaransa kipi? Nikalipokea. Nikazila zote.

Jioni ndiyo nagundua binti alishatuma picha kwenye kundi la familia: mimi kitini, macho nimefumba, uso umejaa imani. Wifi yangu ametuma vigelegele vya sauti. Kitinda mimba ameandika, "Chumba changu sihami." Baba yao, ambaye kwenye kundi lile huandika siku za sikukuu tu, ameandika: "Nawakumbusha wote kwamba mimi niko Tanga, na yeye ameondoka tangu Mfunguo Tatu."