Ya Kupumzika au ya Kulala?

Mimi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, hapa Ujiji, Kigoma. Nalisema mapema ili mtu asije akadhani yaliyonikuta Dar es Salaam yalitokana na kutojua kujumlisha. Kujumlisha nilijumlisha. Nilijumlisha kwenye kaunta buku ya kwaya mbili, kwa kalamu ya bluu, na kila jibu nikalipigia mistari miwili ya nyekundu.

Ilikuwa mwaka 2019. Shangazi yangu, dada yake marehemu baba, alipewa rufaa ya macho kutoka hospitali yetu ya Maweni kwenda Muhimbili, Dar. Shangazi ni mtu wa miaka sabini na kitu (hicho kitu hakitaji), anauza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, na kwenye ukoo wetu akikohoa watu wanapunguza redio. Tarehe ya kliniki iliangukia siku za mbalamwezi, akafurahi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hawaingii ziwani, maana dagaa hufuata taa, na taa ya mtumbwi itashindana vipi na mwezi?

"Wavuvi wanapumzika," akasema, "basi na mimi nikapumzike."

Neno kupumzika lilianzia hapo, tena kinywani mwake. Naomba likumbukwe.

Safari ikawa ya treni. Kutoka kwetu mwisho wa reli mpaka Dar ni zaidi ya kilomita 1,200. Wajerumani waliifikisha reli hii Kigoma mwaka 1914, na kuna saa umekaa ndani ya behewa unahisi kama ndiyo safari ile ile, bado haijafika. Sasa kwenye tiketi, daraja la pili liko la aina mbili: la pili kukaa na la pili kulala. La kukaa una kiti, la kulala una kitanda. Kulala ni ghali kuliko kukaa. Mtoto wa Kigoma hulijua hilo kabla hajaijua jedwali ya tatu. Nikakata kulala, chumba cha wanawake kwa shangazi na cha wanaume kwangu, nikaandika kwenye daftari, roho ikauma, nikapiga mistari.

Kilichobaki ni mahali pa kufikia. Ndugu wa Dar tunao, ila kila niliyempigia alikuwa na msiba, ukarabati, au mtandao mbovu. Nikaamua gesti. Mwalimu mwenzangu aliyewahi kwenda semina Dar akanipa namba ya gesti moja ya Magomeni, "pametulia, bei ya chini." Nikaangalia: Magomeni unapanda mwendokasi, nauli wakati ule shilingi 650, unashuka kituo cha Fire, unatembea kidogo uko Muhimbili. Nikapiga simu. Akapokea dada mwenye sauti ya usingizi.

"Karibu kaka. Unataka ya kupumzika au ya kulala?"

"Tofauti yake nini?"

"Ya kupumzika elfu saba. Ya kulala elfu ishirini."

Kichwani mwangu treni ikapiga honi. Nikajua tu: ni ile ile, kukaa na kulala! Kwamba ya elfu ishirini ina kitanda kikubwa na mbwembwe, na ya elfu saba ina kitanda cha kawaida. Nikamuuliza, kwa uangalifu wa kihesabu, "Hiyo ya kupumzika kitanda kipo?"

"Kaka," akasema, "bila kitanda mtapumzikaje?"

"Basi ya kupumzika. Vyumba viwili, mimi na shangazi yangu."

Akanyamaza kidogo. "Viwili? Kila mtu na chake?"

"Kila mtu na chake."

"Mnapumzika... kila mtu kivyake?"

"Dada, tunatoka Kigoma. Tutakuwa tumechoka. Siku nne mfululizo."

"Siku nne," akarudia polepole. Halafu akasema, "Sawa kaka, sisi hapa hatuulizi," nikaona hiyo ndiyo huduma bora kwa mteja. Nikatuma 14,000 za kutangulia kwa simu. Kwenye daftari: vyumba viwili kwa siku nne, bei ya kulala 160,000, bei ya kupumzika 56,000, tumeokoa 104,000. Nikampelekea shangazi akaone. Hakuona, maana ndiyo sababu ya safari yenyewe, ila nilimsomea, akaniombea dua.

Safari siielezi sana. Uvinza watu walinunua chumvi, Tabora asali, Saranda kuku, na shangazi akamkatalia kila mmoja bei. Tulikuwa na kiroba cha dagaa na dumu la mawese, kwa sababu mtu haendi ugenini mikono mitupu, hata kama ugeni wenyewe ni gesti. Tulifika stesheni usiku umeingia. Bajaji ikatupeleka Magomeni, na kila ilipopiga kona dereva alikuwa anageuka kukiangalia kiroba.

Mapokezi palikuwa na taa nyekundu. Nikamwambia shangazi ni ya kufukuza mbu. Dada wa mapokezi akamtazama shangazi: baibui, miwani minene, tasbihi mkononi. Akanitazama mimi. Akatazama kiroba. Akafungua kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, utokako, uendako. Mwisho akaandika saa tuliyoingia, 3:10 usiku, akaipigia mstari. Nikapenda. Nikasema huyu angekuwa mwanafunzi wangu angefaulu.

"Mwanangu," shangazi akamuuliza, "kibla kiko upande gani?"

Dada akamwita kijana wa zamu ya usiku. Kijana akaenda kumuuliza mlinzi. Baadaye akaniambia amefanya kazi pale miaka miwili na hilo lilikuwa swali la kwanza la aina hiyo. Ikabidi tukipate kwa akili: kwetu ukisimama kuswali ziwa linakaa mkono wa kushoto, Dar bahari inakaa mkono wa kulia, basi zungusha shangazi mpaka bahari iwe kulia. Akazungushwa.

Vyumba vilikuwa vimeshikana, ukuta mwembamba kama kadi ya mwaliko. Kitanda, feni, chandarua chenye viraka, kandambili moja ya bluu na moja ya kijani, zote za kushoto. Kila chumba cha jirani redio inaunguruma. Shangazi akaja mlangoni kwangu kabla ya kulala.

"Watu wa Dar wanapenda muziki."

"Sana, shangazi."

"Na wageni wa hapa hawana mizigo. Nimekaa pale kibarazani, wameingia watu sita, hakuna aliyebeba hata kibegi. Wanasafirije?"

Nikamwambia mjini watu hawapendi kubeba. Nami wakati huo niliamini kabisa. Nikaingia kitandani, nikalala usingizi wa mtu aliyeokoa laki moja na elfu nne.

Nikashtuliwa na mlango. Ko, ko, ko. Saa 5:10 usiku kamili.

"Kaka, muda!"

"Muda wa nini?"

"Wa kupumzika umeisha. Unaongeza au unatoka?"

Nilikaa kitandani na mwanga ukaniingia kidogo kidogo, kama mwanafunzi aliyegundua kwamba swali la pili lilikuwa na ukurasa wa nyuma. Masaa mawili. Elfu saba ilikuwa ya masaa mawili. Siku moja ina mawili kumi na mawili, mara elfu saba ni 84,000, mara vyumba viwili, mara siku nne: 672,000. Na zile redio. Na wale wasio na mizigo. Na yule dada aliyeniambia hapa hatuulizi! Ya Rabi, nimemleta dada wa baba yangu wapi?

Nikaruka kutafuta suruali. Nilikuwa nimetia mguu mmoja niliposikia kijana ameshasogea mlango wa pili, akagonga taratibu, kwa adabu zote, kwa kuwa aliyemo ni mtu mzima.

"Bibi. Bibi. Muda wako umeisha."

Nikaganda na mguu wangu mmoja. Msomaji, jiweke mahali pake. Una miaka sabini na kitu, macho hayaoni, uko mji mgeni, usiku wa manane, giza, na sauti usiyoijua inakuambia muda wako umeisha.

Kwa upande wa pili wa ukuta nikamsikia shangazi akivuta pumzi. Hakupiga kelele. Akatoa shahada kwa sauti ya wazi, mara mbili, kisha akasema kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuusikia kwake:

"Nimesikia. Ngoja nitawadhe."

"Unatoka au unaongeza, bibi?"

Kimya.

"Kwani inaongezeka?"

"Inaongezeka, bibi. Elfu saba."

Kimya kirefu zaidi. Hata redio moja ya jirani ilizimwa.

"Elfu saba... kwa muda gani?"

"Masaa mawili."

Nikasikia kitanda kikilia, nikasikia pindo la khanga likifunguliwa fundo. Najua sauti yake, nimekua nikiisikia. Noti ikapita chini ya mlango. Elfu kumi. Kijana akahangaika mifukoni, halafu, mtoto mwaminifu yule, Mungu ampe riziki, akarudisha elfu tatu kwa njia ile ile.

Chenji ndiyo iliyoharibu. Nikamsikia shangazi akizipapasa zile noti. Iliyofuata haikuwa tena sauti ya mtu anayeaga dunia. Ilikuwa sauti ya Kibirizi saa kumi na moja alfajiri, mitumbwi inatia nanga.

"We! Ziraili gani anarudisha chenji?"

Mlango ukafunguka kwa kishindo. Nilipotoka, suruali nimeishika kwa mkono, shangazi alikuwa ameshamkamata kijana kwa ukosi na kumsogeza kwenye taa amwone vizuri.

"Umesema masaa mawili elfu saba. Na mpaka asubuhi?"

"Mpaka asubuhi hiyo ni kulala, bibi. Elfu ishirini."

Shangazi hajawahi kushika kaunta buku. Alitazama dari kama sekunde tatu. "Mkisema mawili mawili mpaka saa nne asubuhi yanazidi arobaini. Ishirini ni nafuu mara mbili. Nani amewachagulia hii bei ya wajinga?"

Kijana akanionyesha mimi kwa kidole.

Sitayarudia aliyoniambia shangazi kwenye ile korido, mbele ya milango iliyokuwa imefunguka kidogo kila upande. Neno "mwalimu" lilitumika mara nyingi, na si kwa kunisifu. Kwetu mgeni huhesabiwa kwa siku, akasema. Ujiji imepokea misafara tangu enzi za mababu. Ni kweli: Stanley alimkuta Livingstone hapa mwaka 1871, na hakuna aliyewagongea kuwauliza wanaongeza au wanatoka.

Yule dada akaamka, wakakaa mapokezi chini ya taa nyekundu, wakapatana kama wanawake wawili wa sokoni. Elfu kumi na tano kwa chumba kwa usiku, zile 14,000 zangu na elfu saba ya chini ya mlango vihesabiwe humo humo, na vyumba vihamie nyuma, mbali na redio. Shangazi akaongeza kisado cha dagaa, wakapeana mikono. Kwenye daftari langu iliingia 120,000 mahali palipokuwa na 56,000. Sikupiga mstari.

Macho yalitazamwa, dawa na miwani mipya vikapatikana, namshukuru Mungu. Siku ya tatu tukinywa chai kibarazani shangazi aliwatazama wageni wakiingia na kutoka, safari hii akiwaona sawasawa, akauliza:

"Hivi mwanangu, hawa wanaopumzika masaa mawili tu wanakuwa wametoka wapi?"

"Kazini, shangazi."

"Maskini," akasema. "Dar kazi ngumu."

Nilidhani imeishia hapo. Kumbe tuliporudi alikuwa akiisimulia kila baraza, kuanzia Kibirizi mpaka Buzebazeba: mpwa wake alimpeleka mahali pazuri, wahudumu waaminifu hadi chenji wanarudisha usiku, na wana bei maalumu ya watu waliochoka. Namba ya simu aliigawa yeye mwenyewe. Mimi nikawa napita njia za nyuma.

Mwezi wa saba akanijia mzee mmoja wa kamati ya msikiti, mtu mzito, wa kanzu. Mahujaji wetu wa mtaani kumi na mmoja wanafika Dar saa kumi na mbili jioni, uwanja wa ndege wanatakiwa saa nne usiku. "Shangazi yako anasema kuna gesti yenye bei ya kupumzika."

Nikafungua kinywa kumweleza. Nikamtazama ile kanzu, nikakifunga. Nikafungua daftari badala yake. Masaa manne ni elfu kumi na nne. Kulala ni elfu ishirini. Kwa watu kumi na mmoja tofauti ni 66,000. Nilirudia mara mbili, jibu likagoma kubadilika.

Nikapiga simu mzee akiwa amesimama pale pale.

"Dada, habari za siku. Nahitaji vyumba kumi na kimoja. Vya kupumzika."

Kimya. "Ni yule mwalimu wa dagaa?"

"Ndiye."

"Kumi na kimoja. Kila mtu na chake?"

"Kila mtu na chake. Wanakwenda Makka."

Nikasikia ameweka mkono kwenye simu, anamwita yule kijana wa zamu ya usiku: "We, njoo usikilize mwenyewe."