Umemwona Anaiba Unga: Useme au Unyamaze?

Tuchukue jambo linaloweza kutokea duka lolote la Ngamiani, Tanga. Muuzaji ameinama kupima sukari; mama mwenye mtoto mgongoni anaingiza pakiti ya sembe ya kilo 1 ndani ya kanga, nawe umeona.

Wanaotaka anyamaziwe wana hoja nzito. Imepokewa kwamba Khalifa Umar alisimamisha adhabu ya kukata mkono mwaka wa njaa, na kitabu cha Mithali katika Biblia, sura ya 6, kinasema watu hawamdharau aibaye ili ashibe. Lakini sura hiyohiyo inaongeza kuwa akikamatwa atalipa mara saba, na Umar aliondoa adhabu tu, hakuhalalisha mali ya mtu. Hoja yao iliyo bora ni hofu ya kelele. Ukiita "mwizi!" katika soko la Mgandini saa za biashara, mawe na fimbo vinaweza kutangulia polisi. Kwa hilo sioni pande mbili: usipige kelele.

Kimya nacho kina gharama, ila analipa mwingine. Tuseme pakiti inauzwa shilingi 1,500 na mwenye duka aliichukua kwa 1,400. Ikiibwa moja, auze nyingine 14 ndipo arudishe mtaji, na huenda mzigo ni mali kauli, deni la jumla linamngoja. Tena mara nyingi aliye kaunta ni kijana wa kuajiriwa. Hesabu ya jioni ikipungua, yeye ndiye hukatwa mshahara au huitwa mwizi. Huruma inayomtwika lawama asiye na kosa ina kasoro kubwa, na wanaosema "mwache tu" hawaigusi.

Sheria pia inakugusa. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka anayejua kosa limetendwa atoe taarifa polisi au kwa kiongozi wa eneo. Kwa wizi wa kawaida Kanuni ya Adhabu inafika kifungo cha miaka 7, na njaa haimo katika utetezi inaoutambua. Hakimu anaweza kumwachia bila kifungo kwa udogo wa kosa na hali yake, lakini nafuu hiyo huenda ikaja baada ya mahabusu, na mtoto je?

Kwa hiyo wahi kabla hajavuka mlango. Msogelee, sauti ya chini: "Dada, lete nikulipie." Huna pesa? Mwombe muuzaji aiandike kwenye daftari la madeni, wewe ukiwa mdhamini. Ameshatoka? Mwambie mwenye duka waziwazi kwamba pakiti haikuchukuliwa na kijana wake. Usihukumu kwa aina ya kitu: anayeiba sabuni huenda anaiuza anunue dawa ya homa. Akirudia wiki kwa wiki, kumlipia hakutoshi tena, na kunamfanya mwenye duka shamba la bibi.

Hapo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, umweleze yote, njaa ya nyumba ile pamoja na unga uliochukuliwa. TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, hulipa kaya zilizokwisha kuandikishwa, tena kwa awamu, kwa hiyo haitapika chakula cha leo. Mwenyekiti anaweza kumwandikia barua ya kwenda kwa afisa ustawi wa jamii, na kuuliza msikitini kama kuna zaka. Naye ni kiongozi wa eneo, kwa hiyo taarifa ambayo sheria inaidai kwako itakuwa imefika.